Ramani Kwanza, Greda Baadaye!

Nimerudi, wadau. Nilikuwa Unyamwezini, na vumbi bado liko kwenye viatu. Haya, leo tuzungumzie Puge.

Wangapi mnaijua? Kama umewahi kupanda basi la Tabora kwenda Mwanza umepita pale, pengine ukiwa umesinzia. Ni kata ya wilaya ya Nzega. Lami ilipokuwa inajengwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kazi iligawanywa vipande viwili: Nzega–Puge na Puge–Tabora. Kwa mainjinia, Puge ilikuwa mahali pa kukatia mkataba. Kwa wanaoishi pale ni nyumbani.

Na lami ikifika mahali, watu huifuata. Kibanda cha soda, fundi baiskeli, mama lishe, kisha mtu anajenga fremu mbili za kupangisha. Ndivyo miji yetu inavyozaliwa, sio Puge tu.

Nikamwamkia mama mmoja, "Mwangaluka mayu." Akacheka jinsi ninavyoitamka, akanipa kigoda. Nyuma ya banda lake kuna rundo la matofali ya kuchoma, majani yameshaanza kuota katikati. Nikamuuliza, mbona hujengi? Akanijibu kwa swali: "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, barabara inaishia wapi na kiwanja changu kinaanzia wapi?"

Nimesoma, ndiyo. Lakini pale kwenye kigoda nilibaki kutazama ugali wangu.

Baadaye nikaipekua sheria. Kwa barabara kuu, hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zikaisogeza hadi mita 30. Ndiyo maana kuna X nyekundu na X ya kijani. Nyekundu: umeingia barabarani, bomoa, hakuna fidia. Kijani: barabara ndiyo iliyokufuata, unastahili kulipwa. Yaani rangi ya chokaa ndiyo inayoamua kama wewe ni mvamizi au mdai! Sasa mwanamke anayepika ugali atazijuaje hizo mita 7.5 kama hakuna aliyemwonyesha kwa futi na kigingi?

Msidhani haya ni mambo ya shamba. Waliokuwa Dar mwaka 2017 wanakumbuka Kimara. Watu waliamka wakakuta nyumba walizoishi miaka mingi, zenye umeme na maji ya serikali hiyohiyo, zinaitwa uvamizi.

Hoja yangu ni hii: huwezi kumwadhibu mtu kwa kuvunja mpango ambao hujamwonyesha. Kibali cha ujenzi kina maana pale tu ambapo kuna ramani, na ramani ina maana pale tu ambapo mwenye kiwanja ameiona. Bila hivyo kibali ni karatasi ya kununua usingizi.

Na hapo ndipo linapoingia neno hongo. Mnajua historia ya neno hili? Karne ya 19, misafara iliyopita nchi hii kuelekea Ujiji au ziwani ilimlipa mtemi hongo: vitambaa, shanga, waya. Ulikuwa ushuru wa njia. Watu walijadiliana mchana kweupe, hata siku nzima, na ukishalipa unapita. Mirambo alipoifunga njia ya kutoka Tabora mwaka 1871, moja ya mambo yaliyogombaniwa ni hilohilo: nani mwenye njia, na nani alipwe. Sisemi ilikuwa haki, maana watumwa na pembe za ndovu walipitishwa njia hizohizo. Nasema tu kwamba bei ilitajwa hadharani. Leo neno ni lilelile, ila limeingia uvunguni. Pasipo na ramani ubaoni wala bei ya kibali ukutani, mwenye haraka anatafuta "mtu wa kumsaidia". Nyie mnamjua huyo mtu. Yuko kila mji.

Kuna atakayeniambia, "Dogo, muulize diwani." Diwani gani? Tangu Julai 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA. Barabara kuu ni ya TANROADS. Maji vijijini, tangu 2019, ni RUWASA. Kodi ya majengo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Diwani tumpigiaye kura amebakiwa na nini? Kupiga makofi kwenye baraza na kutukanwa mtaro ukiziba. Mwaka 1972 tulizifuta serikali za mitaa, tukajuta, tukazirudisha kwa sheria za 1982. Sasa hatuzifuti, tunazinyonyoa manyoya moja moja halafu tunashangaa mbona haziruki.

Lakini tusijifiche nyuma ya hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi, na mjumbe wa mkutano ule ni kila mkazi mwenye miaka 18. Hauhitaji mfadhili wala semina ya posho. Unahitaji kivuli cha mwembe, na Tabora miembe haijawahi kupungua.

Kwa hiyo: ramani ibandikwe ofisi ya kata, sio kabatini wilayani. Vigingi vya hifadhi ya barabara vipigwe watu wakiona. Ada za vibali ziandikwe ukutani kwa tarakimu. Njia za ndani, mitaro na eneo la soko vitengwe sasa, viwanja vikiwa bado vitupu, maana ukishachelewa hakuna dawa isiyo greda. Kila mji mkubwa unaobomoa leo ulikuwa Puge juzi.

Yule mama hakuniomba hela wala fidia. Aliniomba mstari. Serikali inayoweza kuchora X kwenye ukuta inashindwaje kuchora mstari chini kabla ukuta haujasimama?

Tafakarini. Matofali yanaota majani.