Wafiwa Waitwe Kabla ya Dodoso

Mtu akijiua, watafiti huwaendea waliobaki mambo yakiwa yamekwisha kupangwa. Dodoso limechapwa, kamati ya maadili imepiga muhuri, fedha zimegawanywa. Mfiwa anaitwa kujibu tu.

Kwamba wafiwa wanahitaji msaada, hakuna ubishi. Mwaka 2016 Alexandra Pitman na wenzake wa University College London, waliochunguza watu wa miaka 18 hadi 40 katika vyuo vya Uingereza, walionyesha kuwa uwezekano wa kujaribu kujiua ulikuwa mkubwa kwa asilimia 65 kwa waliofiwa na mtu aliyejiua, wakilinganishwa na waliofiwa ghafla kwa sababu za asili.

Ila msaada gani? Kwetu anayejua ni mjane aliyetoa maelezo polisi kabla hajapata nafasi ya kulia, au mama aliyezika mwanawe harakaharaka kwa kuwa kiongozi wa dini alikataa kuongoza ibada. Nchini Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua akanusurika aliweza kushtakiwa. Chini ya sheria kama hiyo familia hujifunza kusema marehemu “aliugua ghafla”. Mpe mjane rasimu ya dodoso aisome, huenda swali la kwanza atakaloongeza likawa hilo: siri hiyo imewagharimu nini?

Wakiulizwa kwa nini hawawaiti mapema, watafiti hujitetea kwamba wanaogopa kutonesha kidonda. Hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi, naona, humlinda mtafiti kuliko mfiwa. Mfiwa ndiye wa kutueleza aulizwe lini, kabla au baada ya arobaini, na nani, nyumbani au mbali na wakwe, ambao pengine wanamtupia lawama. Na kwa kuwa kila mfiwa ana hali yake, mmoja hawezi kuwasemea wote, na akiketi peke yake kati ya madaktari atanyamaza. Waitwe kadhaa, na nauli na posho zao ziwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Tangu 2014 jarida la BMJ limekuwa likiwataka waandishi waeleze wagonjwa walivyoshirikishwa katika utafiti. Nasi katika jarida hili tunaanza: kuanzia toleo lijalo, makala kuhusu wafiwa isiyoeleza walishiriki vipi kutunga maswali itarudishwa kwa mwandishi kabla ya kupelekwa kwa wahakiki.