Kipaji Si Kisingizio

Wapo wanaoshikilia kuwa kuchora ni kipaji cha kuzaliwa tu. Huo ni uvivu uliovishwa kanzu. Mistari inayokimbilia nukta moja kwa mbali, kama kingo za barabara iliyonyooka, ina kanuni iliyoandikwa na Mwitalia Leon Battista Alberti mwaka 1435. Na chenye kanuni hufundishika. Mwili nao una vipimo: macho hukaa katikati ya kichwa, wala si karibu na nywele.

Lakini kanuni bila mazoezi ni maneno matupu, na mazoezi bila mkosoaji huuzoesha mkono makosa. Ndugu msomaji, rafiki anayesifu mguu uliochorwa kombo anakudhulumu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtafute mwenzio atakayekuambia: “Futa, uchore upya.”