Mfumo wa Utambulisho Upimwe kwa Waliokwama

Kijana wa Nkoroi, Kajiado, anayetafuta kazi haikwepi eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi wa jinai (DCI) kinaombewa humo, pasipoti humo, na ada hulipwa kwa Paybill 222222. Asiye na simu ya maana huenda saiba, mhudumu akamfungulia akaunti, pengine kwa barua pepe ya mhudumu mwenyewe. Baadaye nywila inasahaulika, laini ya simu inapotea, na namba iliyokaa bila kutumika inauzwa kwa mtu mwingine. Msimbo wa kuthibitisha sasa unamfikia mgeni.

Wauzaji wa programu za utambulisho hawaonyeshi hali hiyo. Huonyesha kasi ya kusoma alama za vidole na idadi ya watu ambao hifadhidata inaweza kubeba.

Yaliyotokea Garissa yanaonyesha upungufu wa vipimo hivyo. Wakati wa ukame, baadhi ya familia za Wakenya ziliandikisha watoto kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili zipate chakula. Watoto walichukuliwa alama za vidole. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho cha taifa, kompyuta iliwatambua kuwa wakimbizi. Kiufundi, mashine haikukosea hata kidogo: vidole vilikuwa vyao. Lakini makumi ya maelfu ya watu walijikuta hawawezi kusajili laini, kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura, na wengi wao walisubiri kwa miaka. Alama iliyooana haikuweza kueleza kwa nini mtoto aliandikishwa, na karani aliyekuwa mbele yao hakuwa na uwezo wa kuifuta.

Huduma Namba, mfumo wa utambulisho wa kitaifa uliozinduliwa Aprili 2019, nayo haikujikwaa kwa kasi ya mashine bali kwa sheria. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa DNA na wa data za GPS za mahali mtu anapoishi, ikataka kanuni ziwekwe kwanza. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba utoaji wa kadi haukufuata sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikutangulia. Pesa zilikuwa zimeshatumika.

Kuna pia hatari ya kuweka kila kitu nyuma ya mlango mmoja. Rais Ruto alizindua huduma 5,000 za mtandaoni mwishoni mwa Juni 2023. Kabla mwezi mmoja haujapita, eCitizen ilishambuliwa na huduma zikakwama.

Programu huria za utambulisho kama MOSIP ya India, inayotumiwa na Ethiopia, huipunguzia serikali utegemezi kwa muuzaji mmoja. Hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, haimpi mtu wa Nkoroi afisa wa kumsikiliza.

Kwa hiyo Maisha Namba, mfumo uliofuata Huduma Namba, ijaribiwe kwa watu wagumu kusajili: mwashi ambaye saruji imekula alama za vidole vyake, yatima asiye na cheti cha kuzaliwa, mtu aliyepoteza laini. Awepo afisa Kajiado mwenye mamlaka ya kurekebisha rekodi, siku za kujibu zijulikane, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Malipo ya mwisho ya mwenye kandarasi yazuiwe hadi hao wote wahudumiwe.