Flati ya Shangazi: Je, Ilistahili Bei Yake?

 

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu na wazo lake. Yeye ana kazi ya maana, mimi nina posho ya shahada ya uzamivu na vijisenti nilivyoweka kwa kubeba boksi siku za wikiendi. Akasema tuunganishe nguvu, tununue flati. "Kupanga ni kumjengea mwenye nyumba," akanimalizia. Kauli hiyo kila Mbongo wa London anaijua. Ukiipinga kwenye sherehe unaonekana hujakomaa.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda nipige hesabu, maana sisi watu wa uhandisi ndiyo ugonjwa wetu. Na hesabu niliyokuwa nayo karibu ni ya shangazi yangu.

Shangazi alinunua flati ya vyumba viwili Woolwich, kusini mashariki mwa London, mwaka 2007. Bei pauni 235,000. Malipo ya awali yalikuwa asilimia tano, pauni 11,750, na nusu ya hizo zilitoka kwenye upatu wa akina mama aliofanya nao kazi ya kulea wazee. Dalali alimwambia treni ya DLR inakuja Woolwich na bei itapaa. Kuhusu treni hakusema uongo, ilifika Januari 2009. Ila ilipofika, bei zilikuwa zimeshaanguka.

Wengi wetu tulikuwa watoto wakati ule, kwa hiyo tukumbushane. Kwa hesabu za ofisi ya usajili wa ardhi, bei ya wastani ya nyumba London ilikuwa karibu pauni laki tatu mwishoni mwa 2007. Mapema 2009 ilikuwa imeshuka hadi laki mbili na nusu hivi. Benki ya Northern Rock ilikuwa ikikopesha hadi asilimia 125 ya thamani ya nyumba, yaani unapewa nyumba na chenji juu. Septemba 2007 wateja wakapanga foleni barabarani kutoa pesa zao, na Februari 2008 serikali ikaitaifisha. Shangazi hakukopa huko, lakini maji yalikuwa yale yale. Kufikia 2009 deni lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe. Hata angeuza, angebaki anadaiwa.

Hivi kilichomwokoa nini? Si akili ya biashara, mwenyewe anakiri. Ni mambo mawili. Kwanza, hakukosa kazi. Wazee hawaachi kuzeeka kwa sababu uchumi umeyumba. Pili, riba ya Benki Kuu ya Uingereza, iliyokuwa asilimia 5.75 aliponunua, ilishushwa hadi asilimia 0.5 Machi 2009. Marejesho yake yakapungua, akapumua. Wasiokuwa na bahati hiyo walinyang'anywa. Mwaka 2009 peke yake benki zilitwaa zaidi ya nyumba 40,000 Uingereza nzima. Hao huwaoni kwenye sherehe wakikushauri ununue. Tunasikia hadithi za waliovuka tu.

Miaka ikaenda, bei zikapanda tena. Mwaka 2020 shangazi akaamua basi, inatosha. Mpango wake ulikuwa auze, arudi Tanga akae na bibi. Mnunuzi akapatikana ndani ya wiki tatu. Halafu mthamini wa benki ya mnunuzi akaandika thamani ya flati: sifuri.

Ndiyo, sifuri. Hapa naomba mniruhusu niongee kama mhandisi kidogo. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, magharibi mwa London, liliungua na watu 72 wakapoteza maisha. Moto ulianzia jikoni kwenye flati moja, ukapanda nje ya jengo kwa sababu lilikuwa limevishwa paneli za alumini zenye plastiki katikati, na nyuma yake kizuia joto kinachoshika moto. Baada ya hapo nchi nzima ikaanza kukagua majengo yake, na kila ukuta uliofunuliwa ulizua maswali mapya. Mwishoni mwa 2019 ikaletwa fomu iitwayo EWS1, ya kuthibitisha usalama wa kuta za nje. Mwanzoni mwa 2020 serikali ikatoa mwongozo uliogusa majengo ya urefu wowote, siyo marefu peke yake. Jengo lisilo na fomu, benki nyingi hazikukopesha.

Jengo la shangazi lina ghorofa sita. Halikuwa na fomu. Walipokuja kufungua ukuta wakakuta vile vizuizi vinavyotakiwa kuzuia moto kupita katikati ya kuta mbili, sehemu nyingine havikufungwa vizuri, sehemu nyingine havipo kabisa. Kwenye michoro vilikuwepo. Mimi mwenyewe niliiona michoro hiyo nilipofika London 2022 na kupewa chumba cha pili kwake. Ukiwa mwanafunzi wa majengo, kulala ndani ya jengo la namna hiyo ni somo ambalo halina mtihani.

Sheria ya usalama wa majengo ya 2022 ilisaidia. Iliwalinda wakazi wa majengo yenye zaidi ya mita 11 au ghorofa tano na kuendelea wasibebeshwe gharama za kubadilisha zile paneli. Kazi ikafanyika 2023, mjenzi akalipa, fomu ikatoka. Shangazi akauza 2024 kwa pauni 340,000.

Sasa twende kwenye hesabu. Kwa miaka 17, yaani miezi 204, alilipa benki wastani wa pauni 1,150 kwa mwezi: jumla 234,600. Ongeza malipo ya awali 11,750. Ongeza ada ya huduma za jengo pamoja na kodi ya ardhi, 41,000. Ushuru wa stempu, mwanasheria na matengenezo ya ndani, 12,000. Jumla ni kama pauni 299,000. Alipouza, akamaliza deni lililobaki la 95,000 na kumlipa dalali na mwanasheria 7,000, alibaki na 238,000 mkononi. Tofauti ni pauni 61,000 na ushei. Gawa kwa miezi 204 unapata pauni 300 kwa mwezi. Vyumba viwili, London, kwa pauni mia tatu! Chumba kimoja cha mwanafunzi hukipati kwa hela hiyo.

Kwa hiyo binamu yuko sahihi? Ngoja kwanza.

Pauni 340,000 inaonekana faida juu ya 235,000. Lakini tangu 2007 bei za vitu nchini hapa zimepanda kwa zaidi ya nusu. Ukiibadilisha ile 235,000 kuwa pesa za 2024 inapita 350,000. Yaani nyumba kama mali ilimpa hasara, tena pamoja na kuletewa treni mbili, maana ya Elizabeth nayo ilifunguliwa Mei 2022 na ina stesheni Woolwich. Kilichomlipa ni kule kuishi ndani yake bila kumlipa mtu kodi, na riba iliyokaa chini zaidi ya miaka kumi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia 2007. Waliokopa wakitegemea riba ya namna ile wakaikuta asilimia 5.25 Agosti 2023 wanaweza kuwasimulia ladha yake.

Tena waangalieni walionunua flati mpya 2016. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwasaidia wanunuzi wa nyumba ulioanza 2013 na kufungwa 2023. Kwa London, kuanzia Februari 2016, ulikopesha hadi asilimia 40 ya bei, ila kwa nyumba mpya tu. Nyumba mpya ni kama gari jipya, ukitoka nalo getini bei imeshuka. Na tangu miaka ile bei ya flati London haijasogea sana, huku gharama za maisha zikipanda zaidi ya theluthi. Hesabu ya shangazi wao hawaipati.

Kuna jambo jingine ambalo Waafrika Mashariki tungepaswa kulielewa haraka. Flati ya London kwa kawaida huinunui moja kwa moja. Unapewa hati ya miaka kadhaa, mfano 125, kama hati zetu za miaka 33, 66 na 99 Tanzania. Ardhi ni ya mwingine, na ada ya huduma anapanga mwingine. Ada ya shangazi ilianza pauni 1,100 kwa mwaka na kuishia 3,900. Aliyesema kupanga ni kumjengea mwenye nyumba hakusoma hati yake vizuri.

Halafu kuna gharama ambayo haimo kwenye jedwali langu. Bibi alifariki 2022, wakati flati bado imekwama. Shangazi alienda Tanga siku kumi, akazika, akarudi Woolwich kuwahi zamu ya usiku. Ile miaka ya mwisho aliyopanga kukaa na mama yake aliitumia kusubiri fomu. Ukimuuliza kama flati ilistahili bei, anasema, "Hela ilirudi, mwanangu." Anaishia hapo.

Msidhani basi dawa ni kutuma kila senti nyumbani. Mradi wa Dege kule Kigamboni, uliopangiwa nyumba zaidi ya elfu saba, ulisimama 2016 maghorofa yakiwa maganda. Kupumbazwa na picha za kwenye vipeperushi hakuna mpaka wa nchi.

Msimamo wangu ni huu. Nyumba iliyonunuliwa wakati bei zimepaa inaweza kustahili bei yake kwa mtu atakayekaa muda mrefu, mwenye kazi isiyotikisika, na anayeweza kuvumilia riba ikipanda maradufu. Kwa mtu ambaye ndani ya miaka mitano au sita anataka kurudi nyumbani, na wengi wetu humu ndivyo tunavyosema, haistahili. Swali la kujiuliza ni utaweza kutoka lini, siyo itapanda kiasi gani. Na kabla hujasaini, omba karatasi za ukuta wa nje, historia ya ada ya huduma kwa miaka mitano, na miaka iliyobaki kwenye hati. Dalali akikasirika, umepata jibu.

Binamu nimeshampigia. Nimemwambia mimi mama yangu yuko Muheza na ana miaka sitini na nane, kwa hiyo pesa yangu naitaka mahali ambapo naweza kuichukua siku nikiihitaji. Amenuna kidogo, lakini ameniomba nimtumie jedwali. Mwenye kulitaka pia aniambie.

Naomba kutoa hoja.