Julai Si Mwezi wa Kutweka Tanga Cyclades

Miongoni mwa watalii wanaochanga na marafiki kukodi mashua ya tanga kwa wiki moja, imejengeka imani kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi bora ya kuzunguka visiwa vya Ugiriki, kwa kuwa mvua hainyeshi, anga ni jeupe na, kwa hiyo, bahari lazima iwe shwari. Imani hiyo ni potofu, hasa kwa Cyclades, yaani kundi la visiwa vya katikati ya Bahari ya Aegea, vikiwemo Mykonos, Paros na Naxos.

Kosa la kwanza ni kuipima bahari kwa kutazama mawingu. Katika miezi hiyohiyo huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaotokana na tofauti ya mgandamizo wa hewa: ule mkubwa hutanda juu ya Balkani, ilhali mdogo hukaa juu ya Uturuki, ukiwa ni ncha ya magharibi ya eneo lilelile la mgandamizo mdogo la Asia linaloivuta kusi kuvuka Bahari ya Hindi. Kwa kuwa hauletwi na dhoruba, upepo huo huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya jua kali, ukafikia nguvu ya 7 katika kipimo cha Beaufort, kinachopanga pepo kuanzia 0 hadi 12, yaani kasi ya kilomita 50 hadi 61 kwa saa. Na ukibanwa kati ya visiwa vya Andros na Tinos, huzidi hapo. Hatari hiyo si ngeni: mwaka 351 KK msemaji Demosthenes aliwaonya Waathene wenzake kwamba Mfalme Filipo wa Makedonia alizingoja pepo hizo ili ashambulie wakati ambapo meli zao zisingeweza kumfikia.

Kosa la pili limo katika ratiba. Kundi linaloondoka pwani ya Athens kuelekea kusini husukumwa na upepo wa tezi likajiona hodari, kumbe siku ya kurudisha mashua imekwisha kupangwa, na njia ya kurudi ni ya kubisha, yaani kwenda upande huu na ule kuukabili upepo. Hapo urafiki unaosifiwa kuwa nguzo ya safari hugeuka udhaifu, kwani hakuna anayetaka kuwa mtu wa kuwaharibia wenzake starehe kwa kusema kwamba leo nanga ising'olewe. Sheria ya Ugiriki yenyewe humtaka anayekodi mashua bila nahodha wa kuajiriwa awe na cheti, tena awe na msaidizi mwenye ujuzi. Urafiki haumo katika masharti hayo.

Watetezi hujibu kwamba wengi huenda Agosti na kurudi salama. Hilo ni kweli, lakini halithibitishi kwamba mwezi ulichaguliwa vyema. Anayezitaka Cyclades aende Juni au mwishoni mwa Septemba, na mwenye likizo ya Agosti pekee aelekee Visiwa vya Ionia, magharibi mwa Ugiriki, ambako pepo za kiangazi kwa kawaida ni za wastani. Akishikilia Agosti na Cyclades kwa pamoja, basi atenge siku za kukaa bandarini, na amwachie nahodha, si kura ya marafiki, uamuzi wa kuondoka.