Jahazi la Ndara



Fundi wa nyumba akikosea, ukuta hupasuka na mwenye nyumba akatafuta fundi mwingine. Fundi wa chombo cha bahari akikosea, roho za watu hupotea. Ndiyo sababu wazee wa pwani yetu walimpa muundaji wa majahazi heshima ya pekee, na ndiyo sababu watoto wetu husimuliwa mapema, chuoni na nyumbani, kisa cha Nabii Nuhu, alayhi salaam, aliyeamrishwa kuunda safina nchi kavu na watu wake wakawa wakipita wakimcheka. Kucheka huko hakujaisha duniani. Mtu akisema ataunda mtumbwi hujibiwa kwa dua; akisema ataunda chombo kikubwa cha kuvuka bahari, huulizwa kama ana homa.

Ali Skanda wa Lamu atakuwa anayajua hayo. Ni fundi wa majahazi, naye ametoka katika ukoo wa mafundi. Mwaka 2016 alikubali kushirikiana na Ben Morison, mtu wa shughuli za utalii, katika jambo ambalo hapana fundi wa Lamu wala wa Matondoni aliyewahi kuliwaza: kuunda jahazi ambalo mwili wake, kuanzia mkuku hadi sitaha, ni plastiki iliyookotwa ufuoni. Nia yao tangu mwanzo ilikuwa chombo kikubwa, chenye urefu wa zaidi ya mita 20, kiwezacho safari ndefu za bahari kuu. Lakini fundi mwenye akili haanzi na kikubwa. Kwanza huunda kidogo, akakijaribu.

Aijuaye kazi hii ataona uzito wake mara moja. Jahazi la mti huanzia mkuku, ukalazwa chini. Kisha hanamu ikasimamishwa mbele na fashini nyuma. Kisha zikafuata mbao na mataruma. Fundi wetu wa jadi hana ramani ya karatasi. Kipimo chake kimo machoni na mkononi, na taruma zuri hakulipinda yeye: hulitafuta katika mti uliokwisha kupinda wenyewe, mkoko au mwingineo, akaukata na kuuchonga kwa tezo. Mbao zikishapigiliwa, mianya hutiwa kalafati ya pamba, na chini ya maji chombo hupakwa deheni. Kisha bahari yenyewe husaidia kazi, kwani mti hunywa maji ukavimba, na ule mwanya uliosalia ukajifunga.

Plastiki haina tabia hata moja kati ya hizo. Hainywi maji wala haivimbi. Juani hulegea na kutanuka, usiku ikapoa na kujikaza. Haina nyuzi za kumwonyesha fundi nguvu iko upande gani, na hapana mwitu wa plastiki wa kwenda kutafuta taruma lililopinda. Ilibidi taka ziyeyushwe na kumiminwa katika kalibu, zitoke mbao na magogo, kisha mafundi wayachonge kwa njia zile zile walizozoea katika mti. Hapo ndipo mimi huona ufundi wa kweli, kuliko hata katika siku ya kushusha chombo majini. Mtu aliyejifunza mti maisha yake yote alianza upya kama mwanafunzi, mbele ya kitu ambacho wengine wote walikuwa wamekitupa.

Septemba 2018 chombo kilishushwa baharini Lamu. Urefu wake ni mita 9. Zimetumika takriban tani 10 za plastiki, na mbavu zake za nje zimevikwa vipande vya ndara zipatazo elfu 30, ndara zile zile tuziachazo mlangoni. Kikaitwa Flipflopi. Rangi zake zinagombana kama kanga za sare tatu tofauti katika arusi moja, na sidhani kama mafundi walikusudia kutupumbaza kwa uzuri. Januari 2019, pepo za kaskazi zikivuma, kilitweka tanga kikashuka kusini kuelekea Unguja, safari ya kilomita 500 hivi, kikitia nanga mji baada ya mji. Mombasa ilikuwa mmojawapo wa miji hiyo. Hapa petu kilikuta mji uliokuwa bado na harufu ya Kibarani puani, lile jaa la taka la Makupa lililokaa miaka mingi ukingoni mwa maji, kila mvua ikilipunguza na kulimimina baharini.

Hamu ya namna hii si ya Lamu peke yake. Kule Philadelphia, Marekani, mwaka 1894, mtoto wa miaka minane aitwaye William Francis Gibbs alitazama meli mpya ikishushwa majini, na tangu siku ile hakutaka kitu kingine. Alisomeshwa sheria, usiku alijisomea mwenyewe uundaji wa meli. Alingoja mpaka mwaka 1952, umri wake umepita miaka 65, ndipo meli ya ndoto yake, United States, yenye urefu wa mita 302, ilipovuka Bahari ya Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, kasi ambayo hapana meli ya abiria iliyokuwa imeifikia. Gibbs aliogopa moto kuliko kitu chochote. Kwa hivyo aliukataza mti katika meli yake. Wasimulizi husema kilichobaki ni piano na gogo la kukatia nyama jikoni. Mmoja basi aliacha mti kwa kuogopa moto, na mwingine akauacha kwa kuihurumia bahari.

Gibbs alifariki mwaka 1967. Miaka miwili baadaye meli yake iliondolewa kazini, kwani abiria walikuwa wamehamia kwenye ndege. Ilikaa gatini kwa miongo, ikala kutu, na Februari 2025 ikakokotwa kutoka Philadelphia ili itayarishwe kuzamishwa karibu na Florida, iwe makao ya samaki. Aliipata ndoto yake, lakini alikuwa amewaundia abiria ambao hawakukaa.

Chombo kikubwa cha Lamu kina shida ya namna nyingine. Shehena yake haitaisha, kwa kuwa sisi ndio tunaoizalisha. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mama wa nyumba tuliirudia vikapu bila ya kufa. Lakini tazama uwanja wa msikiti baada ya futari, au ukumbi wa arusi saa ya watu kuondoka. Chupa za maji zilizonywewa nusu, vikombe vya kutumiwa mara moja, sahani nyembamba zinazopeperushwa na upepo wa baharini kabla mfagiaji hajafika. Wakati wa bibi zetu maji ya arusini yalikuwa katika mitungi, kata ikizunguka. Sisemi turudi kwenye kata moja kwa watu mia tatu. Nasema kamati inayoweza kukodi viti mia tatu inaweza kukodi bilauri mia tatu, na watoto wakapewa kazi ya kuziosha.

Wapo wasemao kwamba jahazi moja haliwezi kuisafisha bahari, na kwamba plastiki iliyogeuzwa chombo itachakaa na kurudi majini chembe kwa chembe. Hoja hiyo ni nzito, na tani 10 kwa kweli ni kidogo. Lakini tani zile zilikuwa majini na ufuoni tayari. Fundi hakuzinunua mpya. Na kazi haikukomea hapo: mwaka 2021 jahazi lilipelekwa Ziwa Viktoria, wenyeji wa bara nao walitazame, na Lamu vijana wamekuwa wakifundishwa kuunda vyombo kwa mbao hizo za taka, mkono wa mzee ukiwa juu ya mkono wa kijana, kama ulivyofundishwa mti.

Kwa hilo la mwisho ndipo ninapoiombea dua safari ya chombo kikubwa. Katika Mji wa Kale nyumba nyingi zilikuwa na mzee mmoja aliyejua kutia kalafati, na leo mjukuu wake hajui hanamu iko upande gani wa chombo. Mjukuu huyo akipata likizo, mpelekeni Lamu akaone.