Matawi Haya Yasiishie Majivu

Ndugu zangu wa Kyela, kuanzia Ngonga na Kajunjumele hadi Ipinda na Matema,

Kila kiangazi tunapogoa mikakao na miembe, tunashusha makuti makavu ya michikichi, tunarundika na kutia kiberiti. Moshi unatanda kutwa. Jioni yanabaki majivu, na mvua za kwanza zinayasomba hadi Ziwa Nyasa. Naomba mwaka huu tuizuie hasara hii, na tuizuie kwa pamoja.

Mvua yetu inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo inayotupa kakao na mpunga, na ndiyo hiyo hiyo inayochuja virutubisho na kuacha udongo wenye tindikali. Matawi hayo hayo tunaweza kuyageuza kuwa mkaa wa kurutubisha ardhi, bayocha. Mkaa huo hupunguza tindikali, hushika virutubisho visizame, na hudumu ardhini mamia ya miaka. Magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba yaliyochoka, majaribio yaliongeza mavuno ya mahindi. Tena udongo uliochakaa zaidi ndio ulionufaika zaidi.

Hatuhitaji tanuri la gharama. Chimbeni shimo la duara, upana wa mita moja na nusu hivi, kuta zikiinama kuelekea katikati. Washeni vijiti vikavu kwa juu, ili moshi upite kwenye ndimi za moto na kuungua humo humo. Utando mweupe wa majivu ukianza kuvaa vijiti, wekeni tabaka jingine, tena na tena. Moto wa juu hula hewa yote, na kuni za chini hugeuka mkaa. Shimo likijaa, mwagieni maji mengi, mfukue hadi chini kuhakikisha hakuna kaa linalofuka. Mkaa ulioiva hulia kama kigae ukigonganishwa, na weusi wake hutoka mkononi kwa maji matupu. Ukiacha utelezi wa lami, haujaiva.

Msiupeleke shambani ukiwa mtupu, maana utashikilia nitrojeni na mimea itapauka. Changanyeni na samadi au mboji, mwache wiki kadhaa.

Na maganda ya kakao! Tunayaacha chini ya miti, yanaoza, na vimelea vya ugonjwa wa kuoza matunda vinajificha humo vikisubiri msimu. Yakianikwa yakakauka vizuri, nayo yaingie shimoni.

Sharti moja silegezi: hakuna mti utakaokatwa kwa ajili ya bayocha. Tunatumia mabaki tu.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Wanatakiwa wa kulisha moto, wa kuchota maji, na wa kulinda upepo usirushe cheche kwenye nyasi. Na matawi ya kaya moja mara nyingi hayajazi shimo. Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vitongoji mtangaze msaragambo kabla ya Novemba, shimo moja kila kitongoji, karibu na maji. Viongozi wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS), liingizeni jambo hili kwenye mkutano wa wanachama. Maafisa ugani, tusaidieni kupima udongo kabla hatujaanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko Mbeya hapo hapo. Nasi wakulima, katika kila shamba la majaribio tupande mstari mmoja wenye bayocha na wa pili usio nayo, tupime mavuno ya yote miwili, na matokeo yasomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji.